TETRA KATIKA TANGI LA KIOO: MAJI KWANZA, SAMAKI BAADAYE



Mwezi uliopita ndugu mmoja wa idara ya upakiaji alinifuata wakati wa chai akiwa amekunja uso. Nilidhani amekatwa mshahara. "Kaka, wamekufa tena," akasema. Waliokufa ni samaki wadogo aina ya tetra, wale wenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni na wekundu upande wa mkia, aliowanunulia watoto wake. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Kila mwisho wa mwezi hununua samaki wawili, na baada ya siku nne au tano huwakuta wameelea. Muuzaji alimwambia kuwa ni baridi ya usiku, kisha akamwuzia wengine wawili.

Si baridi. Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nilifanya kosa lile lile. Nilinunua tangi Jumamosi asubuhi, nikaliosha kwa sabuni ya unga mpaka likametameta, nikalijaza maji ya bomba, na kabla jua halijatua samaki wawili walikuwa ndani. Jumatano niliwatupa. Binti yangu, ambaye alikuwa amekwisha kuwapa majina, hakula chakula cha jioni siku ile.

Kwa kuwa wengi wetu tunaotoka zamu tumechoka hupenda kukaa mbele ya tangi la samaki kuliko kukaa kilabuni, na kwa kuwa fedha inayotupwa pamoja na samaki hao ni ya jasho, yafaa jambo hili lielezwe kwa utaratibu.

ANAKOTOKA SAMAKI HUYU

Ukijua anakotoka utajua anachotaka. Tetra wanaouzwa sana ni wa aina mbili zinazofanana. Wa kwanza ni tetra neoni, ambaye wekundu wake huanzia katikati ya mwili kwenda mkiani. Wa pili ni tetra kadinali, ambaye wekundu wake umeenea karibu ubavu mzima. Neoni alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1936, na kadinali mwaka 1956. Juu ya huyu wa pili palikuwa na ugomvi mkubwa huko Marekani, maana wataalamu wa pande mbili walitangaza kila mmoja jina lake, na upande mmoja ulimtangulia mwenziwe kwa siku moja tu. Samaki mwenyewe ana urefu wa kama sentimeta nne.

Wote wawili asili yao ni Amerika ya Kusini. Kadinali hupatikana hasa katika Rio Negro, yaani Mto Mweusi, unaoingia katika mto Amazon karibu na mji wa Manaus nchini Brazil. Maji ya mto huo ni ya rangi ya chai isiyotiwa maziwa, kwa sababu majani na miti ya msituni huoza ndani yake na kuyatia rangi, kama majani ya chai yanavyofanya katika birika. Ni maji laini sana, hayana chokaa, tena yana uchachu. Kila mwaka mto hupanda mita nyingi na kuingia msituni, na samaki hawa huogelea kwa makundi makubwa katikati ya miti. Mto ukishuka, wengi hunaswa katika vidimbwi na kufa vidimbwi vinapokauka. Hivyo kadinali wengi wa mtoni hawazidi mwaka mmoja, wakati katika tangi lililotunzwa vizuri huweza kuishi miaka minne au mitano.

Mji wa Barcelos, ulio juu ya mto huo, umeishi kwa biashara ya samaki hawa kwa miaka mingi. Wavuvi wake huitwa piabeiro. Mvuvi hupiga kasia taratibu ndani ya msitu uliofurika, akalielekeza kundi kwenye wavu wenye mpini, kisha huwahifadhi samaki hai majini mpaka mashua ya kwenda Manaus ifike. Hulipwa kwa hesabu ya samaki elfu moja moja. Wengi wao wamezoea kuchukua mafuta, unga na sukari kwa mkopo kutoka kwa mnunuzi, na deni hukatwa katika samaki watakaoleta. Ndugu zetu wa mashambani wanaoujua mkopo wa duka la kambini hawahitaji maelezo zaidi. Tangu mwaka 1989 uko mradi uitwao Project Piaba, wa wataalamu wanaoshirikiana na wavuvi hao, nao umeonyesha kwamba uvuvi huu wa mikono hauwamalizi samaki, na kwamba mtu anayepata riziki yake katika msitu uliosimama hana sababu ya kuukata. Walakini tangu miaka ya 2000 kazi imepungua, kwa maana kadinali nao wanazalishwa mabwawani huko Asia, kama neoni walivyokuwa wakizalishwa kwa wingi kabla yao.

Ndugu zetu wa Bujumbura na Kigoma hawataona ajabu katika habari hii. Tangu miaka ya 1970 samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakipandishwa ndege kwenda Ulaya. Ila ieleweke kwamba maji ya Tanganyika ni magumu, yamejaa chumvichumvi, ni kinyume kabisa cha maji ya Rio Negro. Samaki wa kule na tetra wasiwekwe tangi moja.

AMONIA NDIYO INAYOUA

Sasa turudi kwa ndugu wa upakiaji. Samaki huishi ndani ya choo chake mwenyewe. Anapokula na kupumua hutoa amonia, nyingi ikipitia katika matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia nyingine. Wale wanaofanya kazi katika viwanda vya barafu na vya minofu ya samaki wanaijua amonia, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika mitambo ya kugandisha. Wanajua jinsi inavyochoma macho na koo bomba linapovuja. Kiasi kidogo sana, kisichonusika hata kidogo na pua ya mtu, hutosha kuyaunguza matamvua ya tetra. Utamwona amepanda juu, anahema kwa haraka, hataki kula. Mwenye tangi hudhani ana njaa, humwongezea chakula. Hapo ndipo anapomwua.

Mtoni amonia haidhuru, kwa kuwa maji ni mengi na yana bakteria wanaoila. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa chache. Wenzetu wa mashambani wanaimwaga nitreti kila msimu wanapotia mbolea ya CAN. Ni chakula cha mimea. Basi mwendo wote ni huu: choo cha samaki huwa sumu, sumu huwa mbolea, mbolea huliwa na majani.

Taabu ni kwamba tangi jipya halina bakteria hao. Huja wenyewe, lakini huchukua kama majuma manne hadi sita kuongezeka mpaka watoshe. Hukaa juu ya mchanga, juu ya majani na hasa katika sponji ya chujio. Kwa hiyo tangi liandaliwe bila samaki: tia mchanga, mimea na maji, washa chujio, na kila siku tupia chembe chache za chakula kama vile samaki yumo. Chakula kikioza bakteria hupata kazi, nao huzaana. Kama una rafiki mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake chafu au kikombe cha changarawe, ukiweke katika lako kabla hakijakauka. Hapo utafupisha muda. Mimi nilimwomba jirani, naye alicheka sana kusikia mtu anaomba uchafu.

Ndiyo sababu vilevile usiioshe sponji kwa maji ya bomba wala sabuni. Ikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka katika tangi lenyewe, inatosha. Klorini ya maji ya bomba iliwekwa kuua bakteria, na haichagui.

TANGI NA MAJI

Tangi la urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30 linatosha kwa kuanzia. Zidisha hizo tatu, gawa kwa elfu, utapata lita 54. Maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 54, na ukiongeza kioo na mchanga unakaribia mfuko mmoja na nusu wa saruji. Usiliweke juu ya kabati la redio. Meza iwe imara na imenyooka, na chini ya tangi tandika kitu laini kilicho sawasawa, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kioo huweza kukipasua. Fundi akikuundia, atumie silikoni ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu.

Maji ya bomba yalaze katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima ili klorini itoke. Katika miji ambayo mamlaka ya maji hutia kloramini kulaza hakutoshi, lazima upate dawa ya matone inayouzwa na wauza samaki. Maji ya mvua kutoka bati safi ni mazuri kwa tetra kwa kuwa ni laini. Acha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza, na uyachanganye nusu kwa nusu na ya bomba. Usitie makombe wala matumbawe. Jiwe usilolijua lidondoshee siki au ndimu: likitoa povu lina chokaa, lirudishe ulikolitoa. Majani makavu ya mkungu, yaliyoanguka yenyewe na kuoshwa, mawili au matatu kwa tangi la kadiri hii, huyatia maji rangi ya chai na kuwafanya tetra wajione kwao. Watu wa pwani wanayafagia kila asubuhi na kuyachoma.

Kuhusu joto, neoni hupenda nyuzi 20 hadi 26, na kadinali nyuzi 24 hadi 29. Basi anayeishi Mombasa au Dar es Salaam achague kadinali. Ila ndugu wa mashamba ya chai ya nyanda za juu, kwenye usiku wa baridi, achague neoni na atafute hita ndogo. Hapo ndipo lile neno la muuzaji juu ya baridi lingekuwa na ukweli fulani.

MIMEA

Mimea si pambo tu. Hula amonia na nitreti, hutoa hewa safi wakati wa mwanga, na huwapa tetra mahali pa kujificha. Samaki anayejua pa kujificha hujificha mara chache. Panda mingi tangu siku ya kwanza. Iliyo rahisi ni valisneria yenye majani marefu kama utepe, na seratofilumu, gugu lisilo na mizizi ambalo lafanana na brashi ya kuoshea chupa na huelea lenyewe. Anubia, mmea mgumu wa misitu ya Afrika Magharibi na Kongo, hufungwa kwa uzi juu ya gogo au jiwe. Usilifukie shina lake mchangani, litaoza.

Taa iwake kama saa nane kwa siku. Anayetegemea dirisha aliweke tangi mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua la mchana, la sivyo maji yatageuka kijani kama supu ya mboga.

Wengine huenda ziwani kujichumia mimea hii, kwa kuwa ipo tele. Siwashauri. Penye maji ya kina kifupi na majani ndipo wanapokaa konokono wanaoeneza kichocho, na mtu huambukizwa kwa kusimama tu ndani ya maji hayo. Konokono hao hushikamana na majani mpaka nyumbani, kisha mtoto hutia mkono katika tangi. Pata mimea kwa rafiki mwenye tangi.

SAMAKI WENYEWE

Majuma yakipita na mimea ikianza kutoa machipukizi, sasa nunua samaki. Usinunue wawili. Tetra ni samaki wa kundi kama vile nyuki ni mdudu wa mzinga. Ubavuni ana mstari wa vinyweleo vya kuhisi mtikisiko wa maji, na kwa huo na macho yake hujua jirani yake anageukia wapi. Adui anayewinda kundi hushindwa kumchagua mmoja kati ya wengi wanaofanana. Mmoja akiwa peke yake hujua kwamba anaonekana. Rangi yake hufifia, hujibanza pembeni, hukataa chakula, na ugonjwa mdogo humwua. Sita ndiyo kiasi cha chini kabisa, na kumi au kumi na wawili ni vizuri zaidi. Katika tangi la lita 54 anza na sita, ngoja majuma mawili bakteria wazoee mzigo, ndipo uongeze sita wengine.

Fikisha mfuko wao nyumbani upesi. Uelee katika tangi kwa dakika 20, kisha uongeze kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano kwa muda wa nusu saa. Wateke samaki kwa kimia na uyamwage maji ya dukani nje.

Chakula ni kile wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Mdomo wa tetra ni mdogo, basi vipande visagwe viwe kama unga. Viluwiluwi vya mbu huvipenda mno, lakini anayefuga viluwiluwi uani afahamu kwamba siku asipovivua atakuwa amefuga malaria. Kila juma toa ndoo moja ya lita 10 kwa mpira wa kunyonya, ukivuta uchafu wa juu ya mchanga, na urudishe maji yaliyolazwa.

Jambo moja litawashtua. Usiku ukiwasha taa ghafla utawakuta wamepauka, ule mstari wa buluu umekufa. Binti yangu aliniamsha saa nane usiku akilia kwamba wanakufa wote. Hawafi. Rangi ile hutokana na chembe nyembamba za ngozini zinazorudisha mwanga, na samaki akipumzika gizani chembe hizo hubadilika. Nusu saa baada ya mwanga hurudi kama kawaida.

Umeme ukikatika usiwalishe. Tangi lenye mimea mingi na samaki wachache huvumilia saa nyingi, ingawa usiku mimea nayo hutumia hewa. Koroga maji taratibu kwa kikombe mara kwa mara. Ukirudi baada ya siku nzima, ikamue sponji kwanza kabla ya kuwasha chujio, kwani maji yaliyofungiwa ndani huwa yameoza.

SUMU TUNAZOTOKA NAZO KAZINI

Hapa nitazungumza na wenzangu hasa. Pareto, na dawa zote za kisasa zilizoigizwa kutoka kwake, huua samaki kwa kiasi kidogo mno kuliko kile kinachomdhuru mtu. Ndugu anayepulizia dawa shambani asitie mkono katika tangi mpaka aoge na kubadili nguo, jambo ambalo angepaswa kulifanya hata kama hana samaki, kabla ya kumbeba mtoto. Dawa nyingi za mbu za kupulizia ndani ni za jamii hiyo hiyo. Ukipulizia, funika tangi kwa plastiki na uzime pampu ya hewa, maana pampu huvuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Na chandarua cha zamani chenye dawa usikikate kutengeneza kimia. Namjua aliyefanya hivyo akaona amebana matumizi. Alipoteza samaki kumi na mmoja kwa mchana mmoja.

Kwa watu wa karakana, tatizo ni grisi, na vumbi la shaba. Shaba huyeyuka majini, hasa yenye uchachu, nayo ni sumu. Usitumie waya wala koki ya shaba ndani ya tangi.

UGONJWA, NA MWISHO WA SAMAKI

Neoni wana ugonjwa wao uliogunduliwa mwaka 1941. Mwili hupauka vipande vipande, samaki hujitenga na kundi usiku, na mgongo hupinda. Kimelea chake hukaa ndani ya nyama wala hakina dawa. Mtoe mgonjwa mapema, kwa kuwa wenzake wakimdonoa atakapokufa watakipata. Dukani ukiona hata mmoja wa namna hiyo katika tangi la muuzaji, usinunue yeyote humo, hata bei ikipunguzwa. Alama nyeupe kama chembe za chumvi ni ugonjwa mwingine, nao hutibika mapema kwa dawa za dukani.

Anayechoka kufuga awape wengine. Asiwamwage samaki wala mimea mtoni au ziwani. Gugu maji lililoonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 linatoka kule kule Amerika ya Kusini wanakotoka tetra, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau. Wavuvi wa Kisumu, Mwanza na Port Bell wanajua ni siku ngapi walishindwa kutoa mitumbwi.

Ndugu yule wa upakiaji yuko katika juma la tatu sasa. Nilimpa nusu ya sponji yangu na vichipukizi vya valisneria. Tangi lake lina majani na maji tu, na watoto wanamwuliza kila jioni samaki watakuja lini. Amewaambia mwisho wa mwezi ujao, na kwamba watakuja sita kwa pamoja.